Pogačar ndiye bingwa wa zama hizi, lakini je, ndiye mpandaji bora wa milima?

Mpanda Pugu (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Jumapili iliyopita, baada ya safari yetu ya kawaida ya kutoka Ubungo hadi Kisarawe na kurudi, tulikaa kwenye kibanda cha supu pale Gongo la Mboto tukabishana kuhusu mpandaji bora wa milima katika mbio za baiskeli za barabarani. Supu ilipoa, ubishi haukupoa. Nauleta hapa kwa sababu naamini wengi wetu tunachanganya mambo mawili, yaani ubingwa wa mbio na uwezo wa kupanda.

Mshindi wa Tour de France, yale mashindano makubwa ya wiki tatu ya Ufaransa, anaweza kuwa amepata muda wake katika mbio za saa (kila mtu peke yake dhidi ya saa), katika mteremko, katika upepo wa pembeni, au hata kwa sababu wapinzani wake walianguka. Mpandaji, kwa kipimo changu, ni yule ambaye barabara ikishainuka kwa zaidi ya nusu saa, mbele ya watu bora wa zama zake, hakuna anayeweza kukaa nyuma ya gurudumu lake. Kwa kipimo hicho nasema kwamba Tadej Pogačar wa Slovenia ndiye mwendesha baiskeli bora wa zama hizi, na sibishani na yeyote juu ya hilo, lakini mpandaji bora ni Jonas Vingegaard wa Denmark.

Ushahidi wangu wa kwanza ni mlima wa Col du Granon, hatua ya 11 (yaani siku ya 11 ya mbio) ya Tour ya mwaka 2022. Tangu kwenye Galibier, mlima wenye mita 2,642, Vingegaard na mwenzake Primož Roglič walikuwa wakimchomokea Pogačar kwa zamu, huyu akitoka yule anapumzika, na kila mara Pogačar akajibu mwenyewe kwa sababu hakuwa na msaidizi wa kumtuma. Walipofika Granon, ambako barabara inapanda kilomita 11 kwa mwinuko wa wastani wa asilimia 9 hadi mita 2,413, akaishiwa nguvu na kupoteza karibu dakika tatu, pamoja na jezi ya njano ya kiongozi wa mbio. Nililiona tukio hilo kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu, adhana ya Magharibi ikikaribia. Mwenye kibanda hukubali kuweka baiskeli kwa sababu Julai ligi za Ulaya zimesimama. Hata vijana waliokuwa wakisubiri marudio ya mpira walinyamaza.

Ushahidi wa pili ni mwaka 2023. Katika mbio za saa za kwenda Combloux, Vingegaard alimshinda Pogačar kwa dakika 1 na sekunde 38 katika kilomita 22 tu, na kesho yake, juu ya Col de la Loze, Pogačar akasikika kwenye redio ya timu akisema amekwisha, amekufa. Siku hiyo alipoteza zaidi ya dakika tano na nusu. Mtu anayeweza kumfanyia hivyo Pogačar hawezi kuitwa wa pili katika milima.

Nimalizie na jambo ambalo ni la moyo wangu tu. Kabla hajawa mtu mashuhuri, Vingegaard alikuwa akifanya kazi asubuhi katika kiwanda cha samaki huko Hanstholm, kisha anakwenda mazoezini. Sisi tulio na Feri yetu tunajua kazi ya samaki ya alfajiri inavyochosha, na huenda ndiyo sababu nampendelea kidogo. Karibuni mnipinge.

Fundi Cheni

Mkuu, umesimulia hadithi ukaishia katikati. Umetutajia 2022 na 2023, kisha ukafunga kitabu kana kwamba mbio zilikoma hapo.

Katika Tour ya mwaka 2024, kwenye mlima wa Plateau de Beille, ni Vingegaard mwenyewe aliyechomoka mapema, zaidi ya kilomita kumi kabla ya kilele, akiwa na nia ya kumvunja Pogačar kwa kasi ndefu kama alivyozoea. Pogačar akakaa nyuma ya gurudumu lake, na zilipobaki kilomita tano na ushei akaondoka, akamwacha kwa zaidi ya dakika moja. Mwaka 2025 kwenye Hautacam, mlima uleule ambao Vingegaard alimwacha Pogačar mwaka 2022, pengo lilikuwa dakika 2 na sekunde 10, na kesho yake katika mbio za saa za Peyragudes, kilomita 11 karibu zote za kupanda, akamwongezea sekunde 36. Kipimo ni chako mwenyewe, mkuu: barabara imeinuka kwa zaidi ya nusu saa, mbele ya watu bora. Nani alibaki nyuma ya gurudumu la nani?

Pia umeacha kusema kwamba mwaka 2023 Pogačar alikuwa amevunjika kifundo cha mkono mwezi Aprili katika mbio za Liège–Bastogne–Liège, akakosa wiki nyingi za mazoezi.

Mpanda Pugu

Fundi, ukileta habari za mifupa nami ninayo. Aprili 2024, katika mbio za nchi ya Wabaski, Vingegaard alivunjika mtulinga na mbavu, pafu likatoboka, akalazwa hospitali kwa siku kadhaa. Miezi mitatu baadaye alikuwa wa pili katika Tour. Kwa hiyo ama tuhesabu majeraha ya wote wawili, ama tusihesabu ya yeyote.

Na hilo la Plateau de Beille nitalijibu kwa tofauti ninayoiona kati ya mlima wa wastani na mlima mrefu unaovuka mita 2,000, ambako hewa inakuwa nyembamba na joto la mchana limekwisha kumla mtu. Granon na Loze zote ni ndefu na zinavuka mita 2,300. Huko ndiko mpandaji halisi anajulikana.

Mwalimu wa Fizikia

Naomba nichangie kidogo kwa chaki, kwa sababu ninyi wawili mnatumia neno mlima kama vile milima yote ni sawa.

Chukueni mpandaji wa kilo 65, mwenye baiskeli, mavazi na chupa za maji vyenye jumla ya kilo 8 hivi; kanuni za chama cha kimataifa haziruhusu baiskeli ya chini ya kilo 6.8. Mpandisheni mwinuko wa asilimia 8 kwa mita 6 kwa sekunde, yaani kilomita 21.6 kwa saa. Kwa hesabu ya darasani, uzito peke yake unamdai takriban wati 344, upepo wati 45 hivi, na msuguano wa matairi wati 17 hivi. Jumla inakuwa karibu wati 406, sawa na wati 6.2 kwa kila kilo ya mwili wake. Maana yake ni kwamba zaidi ya asilimia 80 ya jasho lake linakwenda kupambana na uzito wake mwenyewe. Katika tambarare, kwa kilomita 45 kwa saa, mambo yanageuka kabisa: upepo ndio mdai mkuu, na anayejificha nyuma ya wenzake anaokoa sehemu kubwa ya nguvu zake. Ndiyo maana mtu mwepesi, ambaye katika barabara ya Bagamoyo angetupwa na upepo wa bahari, anakuwa mfalme barabara inapoinuka, na ndiyo maana kule juu msaidizi hawezi kukubeba kama anavyokubeba huku chini.

Sasa tuje kwenye Plateau de Beille, ambayo ina urefu wa kilomita 15.8 kwa wastani wa asilimia 7.9, kwa hiyo mtu anapanda wima mita 1,250 hivi. Mwaka 1998 Marco Pantani wa Italia aliupanda kwa dakika 43 na nusu hivi. Gawanyeni, mtapata kasi ya wima ya mita 1,720 kwa saa. Mwaka 2024 Pogačar alitumia karibu dakika 40, ambayo ni takriban mita 1,870 kwa saa. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuielezea kwa moyo wa ushujaa peke yake. Matairi yamekuwa bora, mavazi yamebadilika, na leo mwendeshaji anakula gramu 90 hadi 120 za wanga kila saa akiwa juu ya kiti, kiasi ambacho kizazi cha Pantani hakikukila. Pia tujue siku hiyo walipanda kwa mtindo gani, kwa sababu waliochomokeana tangu chini wana muda bora kuliko waliotegeana hadi kilomita ya mwisho. Kwa hiyo muda wa kilele ukilinganishwa kati ya miaka 26, unatueleza zaidi kuhusu zama kuliko kuhusu mtu.

Kuhusu hoja ya mwanzisha uzi juu ya mita 2,000: ni kweli hewa nyembamba inapunguza nguvu ya kila mtu, na haiwapunguzii wote kwa kiwango kimoja. Hata hivyo, mkuu, hatua ya 19 ya Tour ya 2024 ilipita Cime de la Bonette, yenye mita 2,802, kabla ya kumalizia Isola 2000. Nani alishinda siku hiyo?

Fundi Cheni

Pogačar.

Mzee wa Upanga

Vijana wangu, nawasoma tangu jana nikitabasamu. Mnabishana kana kwamba milima iliumbwa mwaka 2020. Tuzo ya mfalme wa milima katika Tour ilianza mwaka 1933, na jezi nyeupe yenye madoa mekundu ikaanza kuvaliwa mwaka 1975. Tourmalet ulipandwa kwa mara ya kwanza mwaka 1910, wakati barabara ile ilikuwa njia ya mifugo, na baiskeli zilikuwa na uzito ambao leo hamungekubali hata kuubeba ngazini.

Mimi nasimama na Charly Gaul wa Luxembourg, waliyemwita malaika wa milima. Alikuwa mwembamba, alizungusha pedali upesi katika giya nyepesi wakati wenzake wakikanyaga nzito, na mvua na baridi vilimpa nguvu badala ya kumpokonya. Tarehe 8 Juni 1956, katika Giro d'Italia, mbio kubwa za Italia, hatua ya mlima wa Monte Bondone ilikutwa na theluji. Gaul alikuwa nyuma ya kiongozi kwa zaidi ya dakika 16 asubuhi ile. Makumi ya waendeshaji walijitoa njiani, wengine wakaingia kwenye nyumba za wakulima kuota moto. Gaul alifika kileleni peke yake, akashushwa kwenye baiskeli akiwa hajitambui vizuri, mavazi yakakatwa mwilini, akatumbukizwa kwenye maji ya moto. Jioni ile alikuwa kiongozi wa mbio, na akazishinda. Mwalimu, hesabu yako ya wati ina safu ya theluji?

Wa pili wangu ni Federico Bahamontes, tai wa Toledo, Mhispania wa kwanza kushinda Tour, mwaka 1959, na mfalme wa milima mara sita. Huyu alikuwa kinyume cha mabingwa wenu wanaojua kila kitu: alipanda kama aliyeitwa na mtu kule juu, lakini aliogopa kuteremka. Mwaka 1954 alifika kileleni mbele ya wenzake, akasimama na kula aiskrimu hadi kundi likamfikia. Mtu anayepata nafasi ya kula aiskrimu katikati ya Tour de France hana haja ya kutetewa na mimi.

Mpanda Pugu

Shikamoo, mzee wangu. Mchango wako nimeusoma mara mbili, na namheshimu Gaul, lakini naomba nikupinge katika jambo la jezi.

Jezi ya madoa haipimi nani ni mpandaji bora. Inapima nani amekusanya pointi vileleni, na hiyo ni kazi ya mtu mjanja anayejua kutoroka asubuhi wakati wakubwa bado wanaangaliana. Richard Virenque aliipata mara saba, akawazidi Bahamontes na Lucien Van Impe wenye sita kila mmoja, lakini sijawahi kukutana na mtu anayesema kwamba Virenque alipanda vizuri kuliko hao wawili. Van Impe angalau alishinda Tour yenyewe mwaka 1976. Na mwaka 2022 na 2025, jezi hiyo ilivaliwa na Vingegaard na Pogačar kwa mfuatano huo bila ya kuitafuta, kwa sababu vilele vikubwa vina pointi nyingi na wao ndio waliokuwa wa kwanza huko. Jezi ikimwangukia bingwa kama embe lililoiva, ujue haikupangwa kumtafuta mpandaji.

Binti Kigamboni

Nimefurahi kuona uzi wa aina hii, ingawa naona hadi sasa Afrika haijatajwa, na wanawake pia.

Nilikuwa Kigali Septemba 2025, wakati mashindano ya dunia yalipofanyika barani kwetu kwa mara ya kwanza. Nilikwenda kwa basi kupitia Rusumo, safari ambayo sitaki kuizungumzia mgongo usije ukasikia. Mbio za wanaume zilikuwa na kilomita 267 na mita zaidi ya 5,400 za kupanda, lakini hapakuwa na mlima mmoja mrefu kama wa Alps. Vilikuwa vilima vifupi vilivyorudiwarudiwa, na kimoja, cha Kimihurura, kimetandikwa mawe ambayo yanatikisa hadi meno. Juu ya hayo, Kigali iko kwenye mita kama 1,500. Pogačar alichomoka zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100, akabaki peke yake katika 66 za mwisho, akamshinda Remco Evenepoel wa Ubelgiji kwa karibu dakika moja na nusu. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Nilikuwa nimesimama kwenye mawe yale, na kilichonishangaza si kasi yake bali ukimya: alipita mdomo umefunga, wakati waliomfuata walikuwa wanapumua kama watu waliotoka kuzama.

Hata hivyo namuunga mkono mwanzisha uzi kwa sababu moja. Wiki hiyohiyo, katika mbio za saa kwenye jiji hilohilo, Evenepoel alianza dakika mbili na nusu nyuma ya Pogačar na akampita barabarani. Kwa hiyo kilima kilekile, miguu ileile, siku tofauti, majibu tofauti. Tuwe waangalifu tunapotoa hukumu kwa siku moja.

Kuhusu Afrika, Chris Froome alizaliwa Nairobi, akajifunza kupanda katika vilima vya jirani zetu wa Kenya, na akaendesha kwa bendera ya Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2006 kabla ya kuhamia bendera ya Uingereza. Alishinda Tour mara nne. Kwenye Mont Ventoux mwaka 2013 alimwacha Alberto Contador akiwa ameketi, miguu ikizunguka kama cherehani, kisha akamwacha Nairo Quintana, ambaye ni mtoto wa milima ya Colombia. Mwaka 2018, katika Giro, alianza hatua ya 19 akiwa nyuma kwa zaidi ya dakika tatu, akachomoka kwenye Colle delle Finestre, sehemu isiyo na lami, na kuendesha peke yake kilomita 80 hadi akavaa jezi ya waridi ya kiongozi. Na mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alivaa jezi ya madoa mekundu kwa siku kadhaa, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Mtu wa nchi ambayo mji wake mkuu, Asmara, uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, hahitaji kuelezwa hewa nyembamba ni nini.

Kwa wanawake, mjadala wenu wote ungekuwa mfupi kama mngeangalia Col de la Madeleine mwaka 2025, ambapo Pauline Ferrand-Prévot alipanda peke yake na kuvaa jezi ya njano, miezi michache baada ya kushinda Paris–Roubaix, mbio za mawe na tambarare ambazo kwa kawaida si za watu wa milima. Miaka miwili kabla, Demi Vollering alifanya kama hivyo kwenye Tourmalet ndani ya ukungu. Na kabla ya Madeleine, jezi ya njano ilikuwa imevaliwa kwa siku kadhaa na Kim Le Court wa Mauritius, kisiwa ambacho wengi wetu tunakifahamu kwa sukari.

Fundi Cheni

Dada, umesema vizuri. Mimi ningeongeza Wacolombia, kwa sababu wao ndio wanaothibitisha hoja ya mwanzisha uzi kuhusu kimo, hata kama inaniuma kumsaidia. Luis Herrera alishinda hatua ya Tour kwenye mlima wa Alpe d'Huez mwaka 1984 akiwa bado ni mwendeshaji wa ridhaa, si wa kulipwa, na akashinda Vuelta, mbio kubwa za Hispania, mwaka 1987. Egan Bernal, aliyekulia Zipaquirá, mji ulio karibu mita 2,650, aliichukua jezi ya njano mwaka 2019 juu ya Col de l'Iseran, siku ambayo mvua ya mawe na maporomoko ya tope viliziba barabara mbele yao, muda ukahesabiwa kileleni. Wapinzani wake walikuwa wameachwa kabla ya kujua kwamba mbio zimekwisha.

Lakini kuna mtu mnamzunguka wote. Watu wengi waliojifunza kuupenda mchezo huu kwa kupitia televisheni watakwambia mpandaji bora ni Pantani. Mnasemaje?

Mzee wa Upanga

Pantani alikuwa mpandaji wa kukutoa machozi. Kitambaa kichwani, mikono chini kabisa kwenye usukani wakati wenzake wameshika juu, akasimama kwenye pedali na kuondoka kama aliyekumbuka kitu nyumbani. Mwaka 1998 alishinda Giro na Tour, na tangu hapo hakuna aliyezishinda zote mbili mwaka mmoja hadi Pogačar mwaka 2024.

Ila, mwanangu, Juni 1999, akiwa anaongoza Giro, alitolewa mbioni pale Madonna di Campiglio baada ya kipimo cha chembe nyekundu za damu kuvuka kikomo, asilimia 52 wakati kikomo kilikuwa 50. Mwaka 2013 ripoti ya Baraza la Seneti la Ufaransa ilionyesha kwamba sampuli zake za Tour ya 1998 zilikuwa na homoni ya EPO, ile inayoongeza chembe nyekundu za damu. Alifariki Februari 2004, akiwa na miaka 34. Mimi simtukani, maana zama zile waliotumia walikuwa wengi, na Lance Armstrong alikuja kunyang'anywa ushindi wake wote saba wa Tour mwaka 2012. Ninachosema ni kwamba kwa Pantani hatujui mwisho wa miguu uko wapi na mwanzo wa dawa uko wapi. Mpeni nafasi moyoni, lakini msimpe nafasi kwenye orodha.

Mgeni wa Mbagala

Samahani wakuu kwa kuingilia. Mimi nadhani wapandaji bora wa dunia ni wale wanaoleta mkaa mjini kutoka Kisarawe kwa Phoenix isiyo na giya, magunia matatu nyuma. Huyo Vingegaard apewe magunia tuone.

Mwalimu wa Fizikia

Ndugu yangu wa Mbagala, nawaheshimu watu hao kuliko unavyodhani, lakini mkaa unatoka juu kuja chini. Wanapopanda kurudi Kisarawe magunia yamebaki mjini. Kazi yao ngumu ni breki, na kwa hilo nakubali hakuna Mzungu anayewakaribia.

Mpanda Pugu

Nimesoma yote, na nimelala juu yake usiku mmoja. Ningekuwa mkaidi nisipokiri kwamba Bonette imenivunja mguu. Nilipoandika kwamba milima mirefu inayovuka mita 2,000 ni mali ya Vingegaard, nilikuwa nikiangalia miaka miwili nikaifanya kanuni. Hata Col de la Loze yenyewe, waliporudi huko mwaka 2025, Pogačar hakuachwa; alimaliza mbele ya Vingegaard kwa sekunde chache. Mlima haukubadilika wala mita zake hazikupungua. Kilichobadilika ni mtu, na pengine timu yake, kwa sababu mwaka 2022 alipigwa na watu wawili waliopokezana, na tangu hapo hajaonekana tena akijibu kila kishindo peke yake mapema namna ile.

Kwa hiyo narekebisha kauli yangu. Kwa jumla ya miaka, kuanzia 2020 hadi 2025, Pogačar ndiye mpandaji bora wa zama hizi, na kinachomfanya asionekane hivyo machoni pa watu kama mimi ni kwamba anajua pia kushinda katika vilima vifupi, kwenye mawe na katika mbio za siku moja, hivyo tunamwona kama mtu wa kila kazi. Tulizoea mpandaji awe mwembamba, mpweke, anayeogopa upepo na mteremko, kama Bahamontes. Akija mwenye karibu kilo 65 anayeweza pia kukimbizana mwishoni, tunadhani mlima ameuazima tu. Kosa hilo ni letu.

Hata hivyo siiachi Granon. Kama swali lingekuwa ni siku gani moja ambayo mtu alipanda vizuri kuliko wote, mbele ya mpinzani aliye hai na mwenye nguvu, na si mbele ya saa wala mbele ya kumbukumbu za wazee, nitasema tarehe 13 Julai 2022. Na nitakumbusha kwamba wiki moja baadaye, kwenye hatua ya Hautacam, Pogačar alipoteleza na kuanguka mteremkoni, Vingegaard alipunguza mwendo akamsubiri, wakashikana mikono wakiwa juu ya baiskeli, kisha akamwacha kwenye mlima wa mwisho. Hakuhitaji zawadi ya ajali.

Mzee wa Upanga

Umekiri vizuri, na kukiri hadharani katika jukwaa hili ni nadra kama theluji ya Monte Bondone. Lakini kwa kuwa umelibadilisha swali mwenyewe likawa la siku moja, basi umeingia nyumbani kwangu. Vingegaard, siku ya Granon, alianza akiwa nyuma kwa sekunde 39, akiwa na timu nzima, katika jua. Gaul alianza akiwa nyuma kwa dakika 16, akafika kileleni peke yake, katika theluji. Nijibu hilo kwanza, kisha tuendelee.

Fundi Cheni

Mzee, mpe hadi Jumapili. Tuna Pugu ya kupanda, na mwenye hoja ya Granon wiki iliyopita aliachwa pale kona ya pili.